Aliyetangulia Kuonja

Jumapili hiyo ya mwezi wa Mei, mwaka 1974, jua liliingia jikoni kwa Leokadia tangu alfajiri na hadi saa tisa mchana halikuonyesha dalili ya kuondoka. Ndivyo lilivyo jua la Stockholm. Wakati wa baridi huonekana kwa kubahatisha, na kiangazi kikikaribia linakuwa kama mgeni asiyejua kuaga. Leokadia alikuwa akichemsha maziwa ya chai, jicho kwenye sufuria, sikio mlangoni.

Sebuleni kaka yake Method alikuwa ameketi wima ndani ya suti yake ya misa. Alikuwa ametoka Sundbyberg, alikokuwa fundi mitambo, akavuka mji mzima kwa treni hadi Hagsätra, kwa sababu leo alikaa mahali pa baba.

“Wanakuja kufanya nini hasa?” aliuliza tena.

“Kubisha hodi, kaka. Nimekwisha kukuambia.”

“Kubisha hodi hakuhitaji wazee.”

“Njoroge hana baba huku. Ulitaka aje na nani, na polisi?”

Method hakucheka. Alikunja kitambaa chake cha mkononi, akakikunjua, akakikunja upya.

“Nisikilize, dada. Sina neno na kijana. Anafanya kazi, halewi, ananisalimu vizuri, hata kama Kiswahili chake kimechongwa kwa shoka. Lakini Agosti anakwenda huko… wapi vile?”

“Nyuzilandi.”

“Huko. Ramani ikikunjwa vibaya, nchi yenyewe haionekani. Siku tuliyoondoka Bukoba, mama alinishika mkono mbele ya watu wote, akasema, ‘Nakukabidhi huyu. Asivuke pale ulipo wewe.’ Nikaitika. Sasa wewe unataka kuvuka pale ilipo dunia.”

“Sijasema nataka.”

“Hujasema hutaki pia.”

Hilo lilikuwa kweli, na Leokadia akageukia sufuria yake.

Alikuwa amemjua Njoroge katika darasa la jioni la Kiswidi, yeye akijifunza uuguzi wa watoto, Njoroge akijifunza kazi ya maziwa na jibini. Alikuwa mtu wa Nyeri, mrefu, mpole wa sauti, mwenye macho ambayo yalimsubiri mtu amalize sentensi yake hata kama ilichukua muda. Mwezi wa Novemba alimwambia kwamba amepata chuo cha maziwa Nyuzilandi, miaka miwili, na baadaye kazi. “Twende wote, Kadia,” alisema. Hakuna mwingine aliyemwita Kadia. Leokadia akanyamaza. Tangu hapo, kila Njoroge alipoitaja nchi hiyo, Leokadia alinyamaza, na macho yale ya kusubiri yalianza kuchoka kidogo kidogo.

Kitu ambacho Njoroge hakujua ni kwamba theluji ya kwanza ilipoanguka, Leokadia alianza kwenda kila wiki ghorofa ya chini kwa bibi mmoja aitwaye Doreen.

Walikutana katika chumba cha kufulia nguo cha jengo lao, mahali ambapo Waswidi huingia na kutoka bila kutazamana. Bibi huyu alimtazama, akamsalimu kwa Kiingereza, akamuuliza habari za mikono yake katika baridi ile. Alikuwa mjane wa baharia wa Kiswidi, na kwao kulikuwa Nyuzilandi, katika mji mdogo chini ya mlima wenye theluji. Leokadia nusura aangushe ndoo. Kesho yake alibisha mlangoni kwa bibi, akapewa chai. Chai yenyewe ilikuwa na maziwa! Baada ya miaka miwili ya kahawa nyeusi ya Waswidi, Leokadia alikunywa akahisi kama mtu kamwita kwa jina la utoto.

Alikuwa mtu wa utaratibu. Hakuuliza habari za waziri wala za bendera. Wiki hii aliuliza habari za maji, wiki ijayo habari za mkate, inayofuata habari za uzazi. Aliuliza mgeni anakaribishwa vipi, na mtu akifiwa nani hupika. Bibi Doreen alijibu yote, akawa anachangamka kila wiki kuliko iliyotangulia, kwa maana tangu mumewe afe hakuna mtu aliyekuwa amemwomba asimulie kwao.

Kengele ya mlango ikalia.

Njoroge aliingia wa mwisho, nyuma ya wazee wake. Mzee Maina alikuwa fundi wa simu wa Hässelby, mfupi, kipara king’aacho, amekumbatia kibuyu kikubwa kama anayebeba mtoto mchanga. Mkewe, Mama Nyambura, alibeba pembe ya ng’ombe iliyofungwa katika taulo.

“Hodi kwenu!”

“Karibuni, karibuni sana. Mmetoka mbali.”

“Mbali?” alisema Mama Nyambura akivua viatu. “Tumepanda treni mwanzo wa reli, tumeshuka mwisho wa reli. Mswidi mmoja aliuliza hicho kibuyu ni ngoma ya aina gani. Mzee akamwambia ni simu.”

Hata Method alitabasamu hapo. Njoroge alimpa mkono kwa heshima, kisha akamtazama Leokadia juu ya bega la kaka yake. Yalikuwa macho ya mtu anayejipa moyo. Leokadia alihisi joto shingoni, akakimbilia kuhesabu vikombe ambavyo vilikuwa tayari mezani.

Wakaketi. Salamu zikaenda na kurudi, habari za kazi, za baridi iliyopita, za mahindi ya Nyeri na ndizi za Bukoba.

“Nyinyi Watanzania,” alisema Mzee Maina, “Kiswahili mnakipamba mpaka mgeni anasahau alichokuja kutaka.”

“Na nyinyi mnasema kama mnapasua kuni, mzee. Mwenye nyumba anashika panga,” alijibu Method.

Wakacheka. Ndipo Mzee Maina alipoweka kibuyu magotini, akaanza kueleza. Pombe hii alikuwa ameipika mwenyewe jikoni kwake, kwa asali ya Kiswidi, zabibu kavu na hamira, kwa maana tunda la kwao la kuchachushia halipatikani Stockholm hata kwa dawa. Ilikuwa imekaa karibu na bomba la joto hadi jirani mmoja akauliza kama kuna kitu kimeoza.

“Leo hatukuja na maneno mengi,” alisema. “Ni pombe ya kubisha mlango tu. Wazee waonje, wafahamiane, siku nyingine tutarudi na mambo yenyewe.”

Akaimimina katika pembe. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, ikitoa harufu ya asali na uchungu kidogo. Akainuka nusu ili amkabidhi Method.

Leokadia alipoona hivyo aliona aibu. Mgeni, tena mzee, ahudumie katika nyumba yake! Aliinuka haraka, akaipokea ile pembe kwa mikono miwili. Akapiga magoti mbele ya kaka yake kama alivyofundishwa na mama yake. Na kama alivyofundishwa na mama yake, akaonja funda moja, kisha akampa Method.

Mzee Maina na mkewe walitazamana.

Halafu Mama Nyambura akapiga kigelegele kilichotikisa vioo vya dirisha. Mzee Maina akaruka juu kama kijana.

“Amekunywa! Mlimwona? Amekunywa na kumpa mzee wake! Thaai, amani! Muthoni wangu!” Akamshika Method mabegani. “Kuanzia leo wewe ni mkwe wangu!”

“Mkwe wa nani?” alisema Method, pembe mkononi, pombe ikimmwagikia suti.

Leokadia alimtazama Njoroge. Hata alipokuwa mzee sana aliukumbuka uso ule. Ulikuwa umefunguka wote, kama nyumba iliyofunguliwa madirisha baada ya miezi ya baridi. Midomo yake ilikuwa ikitaka kusema Kadia na haikuweza.

“Ngojeni,” alisema Method. Aliiweka pembe chini, ikashindwa kusimama kwa umbo lake, ikabidi aishike tena. “Ngojeni kwanza! Mnasherehekea nini?”

“Kwetu,” alisema Mama Nyambura, akipangusa machozi, “pombe ya posa hainywi mtu mpaka binti ameulizwa. Akikubali, yeye ndiye huonja kwanza, kisha humpa baba yake. Ndilo jibu lake. Hakuna jibu kubwa kuliko hilo.”

“Na kwetu,” alisema Method polepole, “anayekupa kinywaji ndiye hutangulia kuonja, ili ujue hakukutilia kitu. Hata maji ya mtungini. Dada yangu hakujibu posa. Alikuwa akinionyesha kwamba pombe yenu haina sumu.”

Mzee Maina akaketi. Kipara chake kilikuwa kimelowa.

“Haina sumu,” alirudia.

“Haina sumu, mzee.”

“Uuuwi,” alisema Mama Nyambura kwa sauti ndogo, na kigelegele chake kilionekana kama bado kinaning’inia darini bila mwenyewe.

Leokadia hakuthubutu kumtazama Njoroge, kisha akamtazama. Madirisha yalikuwa yakifungwa, moja baada ya jingine, bila kelele. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma Leokadia kuliko kama angelia.

Njoroge akainuka.

“Mzee, funga kibuyu,” alisema. “Kaka Method, tusamehe. Sitaki mke aliyepatikana kwa kukosea. Kadia hajanijibu tangu Novemba, nami nilijua maana yake. Ni mimi niliyekuwa nikijidanganya.” Akamgeukia. “Usione haya. Hujafanya kosa lolote.”

“Njoroge, kaa,” alisema Leokadia.

“Ni sawa, Kadia.”

“Si sawa. Kaa.”

Akakaa. Leokadia naye akaketi palepale zuliani alipokuwa amepiga magoti.

“Kaka,” alisema, “uliza lile unalotaka kuuliza. Mbele yao.”

Method aliwatazama wageni, akajikohoza.

“Basi nitauliza. Unajua nini juu ya huko unakotakiwa kwenda? Usiniambie mambo ya kwenye picha.”

“Jua hupita upande wa kaskazini,” alisema Leokadia. “Mtu akijenga nyumba, madirisha makubwa huyaweka kaskazini. Krismasi huwa joto, na Juni ndiyo baridi, lakini si baridi ya hapa. Mabondeni ng’ombe hulala nje mwaka mzima.”

“Hilo la ng’ombe ni mimi niliyekwambia,” alisema Njoroge.

“Ndiyo. Na ndilo pekee uliloniambia. Wewe ulinieleza ng’ombe tu.”

Mzee Maina alikohoa kuficha kicheko.

“Wanakunywa chai ya maziwa,” aliendelea Leokadia, “asubuhi, saa nne, na jioni. Mgeni hukaribishwa jikoni, hawekwi kizuizini sebuleni. Mvua ni nyingi kama ya kwetu. Ardhi hutikisika mara kwa mara, nao husimama chini ya fremu ya mlango mpaka ipite, wakaendelea na kazi. Siku ya Jumapili maduka yote hufungwa. Katika mji mdogo ukifika Jumatatu, Alhamisi kila mtu anakujua jina, na wengine wamekwisha kukusema.”

“Kama Bukoba,” alisema Method bila kupenda.

“Kama Bukoba.”

“Nani kakwambia haya?” aliuliza Njoroge. Alikuwa ameegemea mbele.

“Bibi wa nyumba ya chini. Ni mzaliwa wa huko.”

“Tangu lini?”

“Tangu theluji ya kwanza.”

Njoroge alihesabu miezi kwa vidole.

“Kumbe ulikuwa kimya…”

“Nilikuwa nasoma,” alisema Leokadia. “Wewe ulidhani nakukataa. Sikutaka nikupe tumaini halafu nije nikulilie usiku katika nchi ya watu. Nilitaka kwanza niijue nchi. Mtu nilikuwa nimekwisha kumjua.”

Njoroge alishusha macho, akaitazama mikono yake. Leokadia akatamani chumba kiwe na watu wawili tu.

Lakini Method hakuwa amemaliza, na kwa haki yake, hakupaswa kumaliza upesi.

“Na siku ukifiwa huko,” alisema, sauti imepungua ukali, “siku nikikuletea simu kwamba mama hayupo. Nani ataingia mlangoni mwako? Hapa naingia mimi. Kule?”

Hilo ndilo swali lililokuwa limemchukua Leokadia muda mrefu kuliko yote.

“Niliuliza, kaka. Alisema mtu akifiwa, wanawake wa mtaa hawasubiri kuitwa. Kila mmoja hupika, hubeba sahani yake, huiweka mezani kwa mfiwa. Na kwa kuwa sahani huwa nyingi, kila mmoja hubandika plasta chini ya sahani yake na kuandika jina, ili ijulikane irudishwe kwa nani. Nikamwambia kwamba mama yetu kijijini Kamachumu huchonga alama chini ya chungu chake anapokipeleka msibani. Tukatazamana na yule bibi tukacheka mpaka chai ikapoa.” Akamtazama usoni. “Watu wanaoandika majina chini ya sahani, kaka, ni watu wanaotembeleana. Mbali ni mbali, sikatai. Lakini pale pana watu.”

Method aliizungusha pombe ndani ya pembe.

“Ndizi zipo?” aliuliza hatimaye.

“Huletwa kwa meli kutoka visiwani. Za kuiva.”

“Za kupika?”

“Za kupika hakuna.”

“Masikini,” alisema Method kwa huzuni ya kweli. “Basi mama nitamwambia yote ila hilo.”

Mama Nyambura alipeleka mkono mdomoni haraka, kigelegele kisije kikatoka kabla ya wakati wake tena.

Method akamgeukia Mzee Maina, akampa ile pembe kwa mikono miwili.

“Mzee, mimi nimeahidi asivuke pale nilipo. Lakini mama hakusema nimfunge kamba. Ninyi mmekuja kubisha mlango, na mlango umefunguka kwa bahati mbaya. Mimi sipendi vitu vya bahati mbaya, ni fundi. Uliza upya. Uliza kama inavyoulizwa kwenu.”

Mzee Maina alisimama. Akarekebisha koti, akajaza pembe hadi juu, akamsogelea Leokadia aliyekuwa bado zuliani. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, nzito na ya taratibu.

“Binti yetu. Pombe hii imeletwa na huyu kijana, Njoroge. Anataka tukae ukoo mmoja na watu wa kwenu. Kabla hatujainywa tunakuuliza wewe, wala si mtu mwingine. Tuinywe au tuimwage?”

Leokadia aliipokea pembe. Hakumtazama mzee wala kaka yake. Alimtazama Njoroge, akaona yale macho yakifanya kazi yao ya siku zote: yalikuwa yakimsubiri amalize.

“Inyweni,” alisema.

Akanywa. Hakuonja funda moja. Alikunywa mafunda matatu, polepole, hadi machozi yakamtoka kwa ukali wa hamira ya Kiswidi. Kisha akapiga magoti, akampa kaka yake.

“Safari hii,” alisema, “siyo kwa sababu ya sumu.”

Sasa kigelegele kilipata mwenyewe.

Baadaye kidogo mlango uligongwa. Mzee Maina akadhani ni Mswidi amekuja kulalamikia kelele, akaficha kibuyu nyuma ya pazia. Alikuwa ni Bibi Doreen, amevaa gauni la maua, na sahani ya biskuti alizooka mwenyewe.

“Nimesikia sauti kupitia dari,” alisema kwa Kiingereza. “Mtu hulia hivyo kwa furaha au kwa msiba. Nikasema vyovyote vile, nipeleke sahani.”

Method, ambaye alikuwa amekwisha kunywa pembe mbili, alisimama akampisha kiti chake. Kisha akamuuliza, kwa Kiingereza cha hadhari, kama ni kweli huko kwao ndizi za kupika hazipo.

Leokadia alikwenda jikoni kuzihamishia zile biskuti kwenye sahani nyingine. Njoroge alimfuata akijifanya amebeba vikombe. Walisimama wamekaribiana kwenye dirisha, jua likiwa bado liko palepale, wote wawili wakiona haya kama watu waliokutana leo.

“Tangu theluji ya kwanza,” alisema Njoroge.

“Utalisema hilo mara ngapi?”

“Mpaka Agosti. Halafu nitalisema huko.” Alimshika mkono, mkono wenye harufu ya maziwa na asali, akaubana kifuani mwake. “Kadia, ungeniambia hata kidogo tu.”

“Nawe ungeniuliza kitu kimoja kisichokuwa na kwato.”

Alicheka hadi akaegemea friji. Leokadia akaigeuza sahani ya Bibi Doreen. Plasta ilikuwepo chini, imeoshwa ikaoshwa hadi jina likafifia. Akaiosha, akaikausha, kisha akafungua kopo la senene alilotumiwa na mama yake, akamimina wachache juu yake.

“Utampa panzi?” aliuliza Njoroge.

“Kwetu sahani hairudi tupu.”

“Atakufa.”

“Atauliza wanaliwaje. Ni zamu yake kuuliza.”

Akavuta droo, akatoa plasta yake ya uuguzi na kalamu. Akachukua sahani kubwa nyeupe, ya kwanza aliyoinunua alipofika mji huu, akaigeuza. Akakata kipande cha plasta kirefu kuliko kilivyohitajika, akakibandika, akaandika jina lake kwa herufi zake safi za hospitalini.

Njoroge alisoma juu ya bega lake.

“Umeandika lako tu.”

Leokadia akamkabidhi kalamu.

“Nimekata plasta ndefu,” alisema. “Au hukuona?”